Goti Linauma, Moyo Unawaza Zinaa

Ukichechemea Lamu hukosi tabibu. Kutoka mtaa wa Mkomani mpaka wa Langoni utaambiwa ni baridi, ni jongo, umekanyaga kitu, umepigwa jicho. Mmoja atakupa mafuta ya habasoda, mwingine atakwambia kaumikwe, na wote wanakutakia kheri. Lakini liko jina moja ambalo hakuna anayelitaja mbele yako, nawe mwenyewe unalitaja usiku tu, moyoni: isije ikawa ni ugonjwa wa zinaa.

Naandika kwa ajili ya anayewaza hivyo. Mimi nimepita hapo.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, posa imeshajibiwa, nangoja nikahi. Kabla ya hapo niliishi Mombasa kwa kazi, na maisha yangu ya huko si lazima niyaeleze. Kilianza kisigino. Asubuhi nikishuka ngazi za mawe za nyumbani, hatua za mwanzo ni kama nakanyaga msumari. Kisha goti la kulia likavimba na kuwa la moto. Kidole kimoja cha mguu kikanenepa chote, toka shina mpaka ncha. Macho yakawa mekundu, nikasingizia jua na maji ya chumvi. Na haja ndogo ikawa inanichoma. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Aliyeniumbua ni msikiti. Goti halikunjiki, kikao cha tahiyatu hakiwezekani, ikabidi nivute kiti cha plastiki nikae mwisho wa safu pamoja na wazee. Kijana kuswali kwenye kiti katika mji huu ni sawa na kutoa tangazo. Mzee mmoja akaniuliza, "Una nini, mwanangu?" Nikamwambia nilianguka. Akanitazama mguu, akatazama uso, akasema, "Mguu wa kuanguka hauvimbi mwezi mzima." Hakuniuliza tena, Mungu amjaze kheri.

Neno langu ni hili: hofu ya zinaa ikikushika, yenyewe ndiyo inayokuchagulia la kumwambia daktari. Wengine inawafunga mdomo kabisa. Wengine wanaingia na hilo moja tu, mengine yote wanayaona hayana maana. Daktari anahitaji habari yako yote, na kwa mpangilio wake: lipi lilitangulia, lipi likafuata, baada ya muda gani.

Hofu yenyewe si ya kijinga. Klamidia, mojawapo ya magonjwa ya zinaa, inaweza kuleta uvimbe wa viungo, kwa kawaida wiki moja hadi nne baada ya kuambukizwa. Si kwamba vijidudu vimejazana gotini. Ni kinga ya mwili inayopigana na vijidudu vya kwingine, kisha ikavishambulia viungo vyako. Hupenda magoti, vifundo vya miguu na visigino, na mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Kisonono kina njia yake: huweza kuingia kwenye damu, maumivu yakahama leo kiwiko kesho kifundo, pamoja na homa na vipele vichache vyenye usaha. Wanawake wajihadhari zaidi hapo, kwa sababu kisonono kwao mara nyingi hukaa kimya bila dalili. Kaswende, virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B navyo vinaweza kuumiza viungo.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Daktari aliyenipatia jibu hakuanza na mambo ya kitandani. Aliniuliza, "Kabla ya mguu, tumbo lilikuwaje?" Nikaduwaa. Nani anakwenda hospitali kwa ajili ya goti akaanza kusimulia habari za choo? Kumbe wiki chache kabla ya kisigino nilikuwa nimeharisha vibaya, na homa juu, nikanywa maji ya chumvi na sukari, likapita, nikalisahau. Vijidudu vya kuharisha kama salmonela, shigela na kampilobakta huweza kuleta uvimbe uleule wa viungo ambao klamidia huuleta. Na kilichonishangaza zaidi: macho mekundu na kuchomwa kwa haja ndogo vinaweza kutokea hata kama chanzo ni tumbo. Dalili niliyoifanya ushahidi dhidi yangu haikuwa ushahidi wa kutosha.

Wala haikutosha kuniachia huru, ndiyo maana alinipima vyote.

Na kwa sisi wa pwani liko swali jingine: je, ulipata homa kali ya ghafla kabla ya viungo kuanza? Waliokuwa Lamu mwaka 2004 hawahitaji kukumbushwa chikungunya. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Umakondeni, Tanganyika, mwaka 1952, na ulipolipuka hapa kwetu uliuzoa mji. Damu za wakazi zilipochunguzwa baadaye, takriban robo tatu ya waliopimwa walionekana wamepatwa. Mwaka uliofuata ulikuwa umeshafika Komoro. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji ya kuhifadhi majumbani, na mwaka ule kulikuwa na ukame, kila nyumba imejaza mapipa. (Wazee waliokuwa wakiweka samaki wadogo kwenye birika ili wale viluwiluwi walikuwa na akili kuliko sisi wa matangi yasiyo na vifuniko.) Homa yake huisha kwa siku chache, ila viungo vinaweza kuendelea kuuma kwa miezi, na kwa wengine miaka. Wako watu wanaojihukumu kwa zinaa ilhali aliyewaletea maradhi ni mbu.

Sasa vipimo, maana hapa wengi wanadanganyika. Ukipimwa virusi vya UKIMWI na kaswende ukaambiwa uko salama, hujapimwa klamidia wala kisonono. Hivyo vina kipimo chao, cha mkojo au cha ute unaochukuliwa kwa kijiti, na si kila maabara inacho. Sampuli yaweza kusafirishwa. Vitaje kwa majina. Kwa mwanamume, mkojo unaotakiwa ni ule wa mwanzo unapoanza kutoka, na usiwe umekojoa kwa muda wa saa moja hivi kabla yake. Ni kinyume cha ule mkojo wa katikati tuliouzoea, kwa hiyo uliza kabla hujajaza kichupa. Na kipimo cha haraka cha virusi vya UKIMWI ukikifanya mapema mno hakijakupa jibu la mwisho. Kirudie ikitimia miezi mitatu tangu siku unayoihofia.

Najua utaniambia: mji mdogo, anayeandika kadi ni binamu yangu. Kweli. Panda boti uende Mokowe, ng'ambo ya bara, au fanya safari ya Malindi au Mombasa kama nafsi itatulia huko. Lakini ukifika, sema mwanzoni, usingoje mpaka umeshika kitasa cha mlango unatoka. Mimi niliandika kwenye karatasi, nikampa asome: tarehe za tumbo, za macho, za mkojo, za kisigino, za goti, na mara ya mwisho nilipolala na mtu bila kinga. Akaisoma kimya, akauliza maswali mawili matatu, hakunikunjia uso. Kama huna la kuandika, sema tu: "Daktari, viungo vinaniuma, na nina wasiwasi wa ugonjwa wa zinaa, naomba nipimwe." Hata ulimi mzito unaliweza hilo.

Kuhusu kemisti nitakuwa mkali kidogo. Usinunue dawa za vijidudu kwa kukisia. Utavificha vijidudu bila kuvimaliza, kisha kipimo kikuchanganye. Zaidi ya hapo, kuna vidonge vidogo vya prednisolone ambavyo watu hupeana kama peremende kwa sababu goti hulegea siku ileile. Vikitumiwa ovyo kwa muda mrefu hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na hushusha kinga. Hata dawa za maumivu na uvimbe kama ibuprofen na diklofenaki, ambazo ndizo nilizopewa mimi, ni za kunywa baada ya chakula na kwa kipimo cha daktari, la sivyo zinachoma tumbo na kuumiza figo.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu, cha moto, hakiguswi, na homa juu, hiyo si kesi ya karatasi wala ya kungoja boti ya kesho. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu. Nenda siku hiyohiyo.

Majibu yangu yalitoka safi yote, yakalielekea tumbo. Mguu ulichukua sehemu kubwa ya mwaka kurudi. Nikahi tuliisogeza mbele, na mchumba wangu nilimweleza sababu zote, si goti pekee. Alinyamaza, kisha akauliza kama na yeye apimwe. Nikamwambia ndiyo, tukaenda pamoja.

Yako yakitoka na klamidia au kisonono, usichanganyikiwe: vinatibika. Klamidia kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya doxycycline kwa siku saba, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hupewa dawa nyingine. Mwenzako atibiwe hata kama hana dalili hata moja, na msikaribiane mpaka siku saba zipite baada ya wote wawili kutibiwa. Ukitibiwa peke yako, utakirudia kitanda kilekile na vijidudu vilevile.