Umenta wa biashara na CPA: jibu kwa ndugu wa hardware Kahama

Mkuu, umesema una duka la vifaa vya ujenzi Kahama, uliishia kidato cha sita, vijana wanakufuata kuomba ushauri, na sasa unafikiria kuanza safari ya CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ili uwe menta (mlezi wa biashara za wengine) "anayetambulika". Mimi CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, ninayo, nimefanya kazi benki kwenye mikopo midogo kwa miaka mingi, na siku hizi nalea biashara ndogo za usindikaji kanda ya kati. Kwa umenta peke yake, usiisomee CPA. Sababu ndizo hizi.

Hapa Tanzania hakuna bodi inayosajili menta wa biashara kama NBAA, bodi ya taifa ya uhasibu, inavyosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Huko kutambulika unakokutafuta hakupo kisheria. Kilichopo ni kazi ambazo sheria imewaachia watu maalumu, kama kukagua hesabu na kuzitilia saini, au kumwakilisha mlipakodi TRA ukiwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Menta hagusi hayo. Yule anayekwambia "lete laki mbili nikutengenezee hesabu za kupeleka benki", na uhasibu hajasomea, ni kishoka tu.

Sasa elimu yangu ilinifaa wapi? Kuna dada mmoja Singida anakamua alizeti kwa mashine ndogo. Alikuja akisema biashara haina faida na anataka mkopo mwingine. Tulipokaa na madaftari yake, kweli, ukihesabu mafuta peke yake alikuwa anakula hasara. Lakini mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, alikuwa akiwauzia wafugaji, na hela yake inaishia kwenye mboga na ada za watoto bila kuingia daftarini. Tulipoyaingiza mashudu, biashara ikaonekana inapumua. Mkopo mpya haukuhitajika.

Shida yake kubwa ilikuwa marejesho. Alikopa mkopo wa kurejesha kila mwezi, wakati mbegu lazima azinunue kwa wingi msimu wa mavuno, kuanzia Mei hivi, bei ikiwa chini. Hela yote inalala ghalani, na benki mwezi huohuo inataka chake. Nilishakaa upande wa benki wa ile meza, nikajua kwamba afisa mikopo anaweza kukubali marejesho yafuate msimu, mradi mteja alete jedwali la mtiririko wa fedha linaloeleweka. Tuliliandaa pamoja, akaenda kulitetea mwenyewe. Sikuongozana naye, na kwa makusudi: menta anayekwenda kumsemea mtu wake benki atamsemea mpaka mwisho.

Hapo CPA ilifanya kazi. Ila haikunifundisha kwamba mbegu yenye unyevu inakupunja mafuta, wala ni mnunuzi gani wa mashudu analipa siku hiyohiyo. Hayo aliyapata kwa mzee mmoja mwenye mashine, elimu yake darasa la saba, ambaye nilimwomba awe menta wake wa pili. Kwa maoni yangu mzee yule alimwokolea fedha nyingi kuliko mimi. Wewe, kwa vijana wa hardware, ndiye mzee huyo. Unajua bati na nondo zinazotoka haraka, unajua fundi wa kumkopesha na wa kumkimbia. Hakuna mtihani wa CPA, wa Mei wala wa Novemba, utakaokupa hilo.

Unachokosa, kama nimekuelewa, ni mahesabu ya kumwonyesha mtu kwa nini unasema unachosema. Hayo hayahitaji miaka. Tafuta mafunzo ya wakufunzi wa SIYB, ile programu ya Shirika la Kazi Duniani ya kuanzisha na kuboresha biashara; utajifunza bei, gharama, stoku na kumbukumbu, na namna ya kumfundisha mtu mzima bila kumhubiria. Jifunze na kodi ndogondogo vizuri. Kwa viwango ninavyovitumia, mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio, mwenye mauzo ya milioni 8 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, hulipa 250,000. Anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 120,000. Ukimwonyesha kijana hesabu hiyo, daftari atalinunua siku hiyohiyo. (Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, tazama vya mwaka wako.)

CPA ina maana kama unataka kuajiriwa na miradi ya wafadhili. Huko wanachuja kwa vyeti kabla hawajakuona uso, na sioni dalili ya kuacha. Ila ujue wanakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Na ukishatoa huduma za kitaaluma chini ya usajili wa bodi, usajili wa VAT unakuhusu hata kama mauzo yako hayajafika milioni 200. Wenzangu wengi hilo huwashtua.

Kuhusu malipo: wengi wetu tunaanza bure. Mimi nashauri uwe na watu wawili watatu tu, mkubaliane kwa karatasi ya ukurasa mmoja mnakutana lini na kwa muda gani, na usichukue asilimia kwenye mkopo wa mtu unayemlea. Ukishaichukua, kila atakayekuja utamwona anahitaji mkopo.

Anza na ofisi ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, mkoa wa Shinyanga, uulize ratiba ya mafunzo na kama wanahitaji watu wa kuongea na wajasiriamali wao. Ukienda, beba daftari lako la mauzo. CV yako watakuomba baadaye.