Maswali ya Wasomaji: honi ya lori, ndoto za usiku na vidonge vya usingizi

SWALI: Shikamoo mhariri. Miezi mitano iliyopita nilikuwa nimepanda boda hapa Kampala, lori likatugonga. Mguu umepona, lakini nikisikia honi ya lori natetemeka mwili mzima. Siku hizi naenda kazini kwa miguu, saa moja na nusu. Kwenye semina tuliambiwa ubongo unaweza kupangwa upya kwa siku 21 na hofu ikafutika kabisa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kabla ya yote: kama siku ile ulipigwa kichwa, na bado una maumivu ya kichwa, kizunguzungu au usahaulifu, muone daktari kwanza. Mtikisiko wa ubongo hautibiwi kwa mazoezi ya hofu.

Ubongo wa mtu mzima hubadilika, hilo ni kweli. Seli za neva zinazofanya kazi pamoja mara nyingi huimarisha miunganiko yao, na zisizotumika hulegea. Wataalamu huiita nuroplastisiti. Ndiyo hiyohiyo iliyokutia hofu: amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi ndani ya ubongo, iliifunga honi na kifo kwa tukio moja tu. Semina ilikosea kwenye neno "kufutika". Somo la zamani hubaki. Ubongo hujifunza la pili, kwamba honi imelia na hukufa, kisha sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hulitumia hilo kuituliza amigdala.

Na siku 21? Chimbuko lake ni maneno ya daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, mwaka 1960, kuhusu watu kuzoea nyuso zao mpya. Utafiti wa London uliochapishwa 2010 ulipima jinsi watu 96 walivyojenga mazoea madogo kama kunywa maji wakati wa chakula: wastani siku 66, wepesi 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Hayo ni mazoea ya kawaida, wala si hofu. Usihesabu siku, hesabu marudio.

Chukua daftari, upange hofu yako kwa alama 0 hadi 10. Kwa mfano: kusikiliza honi iliyorekodiwa kwenye simu, sauti ya chini (3), kusimama karibu na steji ya boda (4), kukaa juu ya boda iliyosimama, injini ikinguruma (5), kupanda mita mia tano kwenye njia za mtaani na mwendeshaji unayemjua (6), kupita barabara kuu Jumapili asubuhi (8), kuipita siku ya kazi (9). Anza na 3. Baki hapo mpaka hofu ishuke walau nusu. Mara nyingi huchukua dakika 20 hadi 45. Safari fupi ya mita mia tano irudie mara nyingi mfululizo. Fanya siku nne au tano kwa wiki, na upande ngazi ukishaanza siku mbili mfululizo hofu ikiwa 3 au chini yake.

Wengi huharibu hapa: hofu inapofika kileleni wanashuka na kukimbia. Ubongo huandika kwamba kukimbia ndiko kulikowaokoa, na kesho hofu huanza juu zaidi. Kosa la pili ni kufumba macho au kumkumbatia mwendeshaji safari nzima. Ubongo husema "nilipona kwa sababu nilifumba". Kofia ngumu haimo katika makosa hayo. Ivae daima, maana boda za Kampala zina hatari halisi, na lengo letu si kukufanya mzembe. Kosa la tatu ni kufanyia zoezi mahali pamoja tu. Somo jipya hushikamana na mahali lilipofundishwa, kwa hiyo ukizoea Ntinda, nenda pia Wandegeya na Nateete. Hofu ikirudi baada ya wiki kadhaa, rudi ngazi mbili chini. Kwa kawaida safari hii utapanda haraka.

Pumzi nazo: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, dakika tano kabla ya zoezi. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Lakini usiitumie katikati ya zoezi kuikimbia hofu, maana hapo ndipo somo linapoandikwa.

Ukijikuta unaganda, hujui uko wapi, au picha za ajali zinakuzidi nguvu, acha kujitibu mwenyewe. Nenda Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili hapa Kampala, au ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Mwenye mawazo ya kujiua aende leo hii, na asiende peke yake.

SWALI: Mimi ni Mkongo, niko Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Kila usiku naota wale watu wakivunja mlango. Naamka saa nane, silali tena.

JIBU: Pole, ndugu yetu. Mchana, ukiwa macho, badilisha mwisho wa ndoto upendavyo: mlango ni wa chuma, au majirani wote wamefika. Uandike au uuseme kwa lugha unayoiota. Kisha uupitie akilini dakika 10 hadi 20 kila siku, mbali na kitanda. Kama ndoto hiyo ni nzito mno, anza na nyingine nyepesi. Yape mazoezi wiki mbili tatu kabla ya kuyahukumu. Ukiamka usiku, kaa, weka nyayo sakafuni, utaje vitu vitano unavyoviona au kuvigusa.

Ikiwa ndoto ni tukio lenyewe neno kwa neno, uliza kituo chako cha afya kuhusu tiba ya kusimulia maisha. Kamba hutandazwa chini iwe maisha yako, mawe yakiwa mabaya na maua yakiwa mazuri, kisha mnasimulia kwa mpangilio, jiwe kwa jiwe, mpaka ubongo uliweke tukio kwenye tarehe na mahali pake. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapohapo Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa, na tiba ilisaidia. Vikao vya mwanzo huweza kuzidisha ndoto. Usikatishe katikati ya jiwe.

SWALI: Mume wangu, mwanajeshi mstaafu, hawezi kulala bila daizepamu, vidonge vya kutuliza, kutoka duka la dawa, pengine na waragi, pombe yetu kali, juu yake. Vibaya?

JIBU: Vibaya sana, dada. Vikichanganywa vinaweza kuzima pumzi usingizini. Tena daizepamu hufisha makali ya hofu bila kuufundisha ubongo chochote, na inaweza hata kulizuia lile somo la pili. Lakini asiache ghafla kama amekunywa kwa wiki nyingi: dawa na pombe vyote, vikikatwa kwa siku moja, vinaweza kuleta degedege. Mpeleke kwa daktari akiwa na pakiti mkononi, na amwambie ukweli kuhusu idadi ya vidonge na chupa kwa siku, ili vipunguzwe kidogo kidogo.