Kabla ya "him" na "her", anza na "nimemfunga punda"

Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, usikimbilie kuandika ubaoni ile safu ya viwakilishi vya mtendwa: me, you, him, her, it, us, them. Andika kwanza: "Nimemfunga punda." Uliza ni sauti gani ndani ya kitenzi inayomwakilisha punda. Mtoto wa Lamu hakosi: ni m.

Kitenzi chetu hutaka kiambishi cha mtendwa akiwa mtu au mnyama, hata kama ametajwa papo hapo. Ndiyo maana darasani unasikia "I have tied him the donkey" na "I saw her my mother". Kukemea hakusaidii, kwa sababu anayesema hivyo anafuata kanuni ya lugha yake, tena anaifuata sawasawa. Mweleze kwamba Kiingereza kinataka kimoja tu, jina au kiwakilishi chake, nacho kikae baada ya kitenzi. Mimi huandika "I have tied the donkey", nafuta "the donkey" wakiwa wananitazama, kisha naandika "him" pale pale palipofutwa. Hatokosekana wa kuuliza mbona punda si "it". Yote mawili husemwa. Mwenye punda wake humwita him au her. Usipoteze kipindi kizima kwa swali hilo.

Kosa jingine ni la kinyume. Muulize kijana, "Did you bring the sand?" Atajibu, "Yes, I brought," akanyamaza, maana kwetu "Ndiyo, nimeleta" imetosha. Kiingereza kinadai "it". Zoezi hili lifanye kwa mdomo, upesi upesi, kwa vitu wanavyovijua: mchanga, kamba, tanga, madafu. Achana na matofaa ya vitabuni.

Wanafunzi hufurahi wakigundua kwamba li, ki, u na i ya umoja zote huingia katika "it", na ya, vi na zi katika "them". Kizito ni him na her, kwani m wetu haubagui mume na mke. Hilo ni mazoezi tu. Hata watu wazima wanaoongea na wageni gatini kila siku huchanganya.

Shamirisho kitondo, yaani yule anayepokea kitu, isubiri. "Give it to me" ina watendwa wawili, na kitenzi cha Kiswahili hakibebi viambishi vyao viwili kwa pamoja: "nipe" inamtaja mpokeaji, kitu chenyewe kinaeleweka tu. Anayesema bado "I saw him Ali" utamchanganya bure.