Pampu ya Maji ya Gari-Nyumba: Itafute Ingali Inanguruma

Kuna swali dogo ninalopenda kumuuliza mtu aliyenunua gari-nyumba: pampu yako ya maji iko wapi? Wengi hunyoosha kidole kwenye swichi ya ukutani. Swichi wanaijua, pampu yenyewe hawajawahi kuiona, na hawataiona hadi siku maji yatakapokatika wakiwa na sabuni kichwani.

Ushauri wangu ni kwamba uitafute sasa, ingali nzima. Pampu inayofanya kazi hujitaja yenyewe kwa kelele zake. Ikishakufa inanyamaza, na hapo unabaki kufungua makabati moja baada ya jingine kwa kubahatisha. Niliwahi kumlipa fundi kwa saa, na sehemu kubwa ya saa hizo aliitumia kutafuta pampu ilipo. Kuitengeneza kwenyewe hakukumchukua muda.

Usitegemee sana kitabu cha gari. Mara nyingi kitabu kimoja huandikwa kwa ajili ya miundo kadhaa ya kiwanda kilekile, na mchoro unaweza kuonyesha kitanda mahali ambapo wewe una choo. Kilichofanya pampu ifichike ni utaratibu wa ujenzi: tangi na mabomba hutangulia kufungwa, kisha fanicha hujengwa juu yake. Aliyeifunga alikuwa na sakafu tupu ya kuchuchumaa. Wewe umeachiwa tundu la droo.

Kabla ya kutafuta, jua kwanza unatafuta pampu ya namna gani, maana zipo mbili na hazikai mahali pamoja. Ya kwanza ni pampu ya diaframu, yaani yenye utando unaochezacheza ndani yake, ile inayokoroma. Hii hukaa nje ya tangi, huvuta maji kwa mpira na kuyasukuma kwenye mabomba, na ina swichi ya presha inayoizima presha ikishajaa. Ya pili ni pampu ya kuzamishwa, ndogo kama kopo jembamba, inayoning'inia ndani ya tangi lenyewe. Hii utaikuta sana kwenye magari ya Ulaya. Kuzitofautisha, fungua bomba la sinki kisha ulifunge huku ukisikiliza. Ikikata papo hapo, na ilikuwa ikivuma kwa sauti ndogo tu, huenda ni ya kuzamishwa, inayowashwa na swichi iliyo ndani ya bomba hilo. Ikiendelea kidogo ndipo inyamaze kwa kishindo, ni ya diaframu. Kama ni ya kuzamishwa, kazi yako ni nyepesi: tafuta mfuniko mkubwa wa tangi, ufungue, vuta mpira na waya taratibu, na pampu itapanda navyo. Yote yanayofuata yanamhusu zaidi mwenye ya diaframu.

Sasa sikiliza. Zima injini, hita, feni na redio. Funga maji ya nje kama umeunganisha, kwa sababu presha ya nje ikiwepo pampu haina sababu ya kuamka. Washa swichi, kisha fungua bomba moja kidogo sana, maji yatoke kama uzi. Watu wengi hulifungua bomba lote, na pampu inanguruma mfululizo hadi sauti inajaza gari zima. Maji yakitoka kidogo, pampu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, na kila inapowaka sikio linapata nafasi nyingine ya kuelekea inakotoka sauti. Pita na kiganja juu ya mbao: sakafu, ubavu wa kitanda, chini ya benchi za meza, mlango wa kabati la sinki. Penye mtetemo mkali, weka alama kwa kipande cha utepe.

Ila kuwa na shaka na unachosikia. Bomba la plastiki lililopita kwenye tundu la ukuta bila kufungwa hugongagonga kila pampu inapowaka, na kelele yake inaweza kuishinda ya pampu. Unaweza ukavunja nusu ya kabati la sinki, kumbe kilichokuwa kikigonga ni bomba tu. Hapo chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye paneli na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Bomba utalisikia kama kugonga, na pampu utaisikia kama msumeno unaosaga. Ukishazisikia zote mbili mara moja, hutazichanganya tena.

Sikio likishindwa, fuata tangi. Pampu hizi zina nguvu ya kusukuma kuliko ya kuvuta. Nyingi hupandisha maji kwa kuvuta takriban mita 1.8 tu kwenda juu, kwa hiyo mjenzi mwenye akili huiweka karibu na tangi. Tangi lenyewe linapatikana kwa kuangalia nje: mdomo wa kujazia maji uko ubavu gani, na koki ya kumwagia maji safi imetokea wapi chini ya gari. Ukishalijua tangi, chora akilini duara la hatua moja au mbili kulizunguka. Mahali pa kawaida ni chini ya kitanda, ndani ya benchi la meza ya kulia, nyuma ya droo ya chini kabisa jikoni, chini ya kabati la nguo, au kwenye sanduku la nje linaloshika viunganishi vya maji, nyuma ya ukuta wake wa plastiki. Hili la mwisho husahaulika sana. Watu wanabomoa ndani ilhali pampu iko upande wa pili wa paneli wanayoiona kila wanapounganisha mpira wa nje.

Dalili nyingine nzuri ni koki ya majira ya baridi. Magari mengi yaliyojengwa kwa ajili ya nchi za theluji huwekewa vali ya njia tatu na kipande cha mpira kinachoning'inia bila kuunganishwa popote. Kazi yake ni kuvuta dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya mabomba, na kwa kawaida hufungwa upande wa kuvutia wa pampu. Ukiona mpira mfupi uliokaa kama hauna mwenyewe, pampu haiko mbali. Na ukiwa hapo, angalia vali imeelekea wapi: ikiwa imeachwa kwenye upande wa dawa, pampu itavuta hewa badala ya maji ya tangi, na utaituhumu bure.

Pampu ikiwa imenyamaza kabisa, usiiandikie cheti cha kifo kabla ya kukagua umeme. Baadhi ya magari yana swichi mbili au tatu za pampu: moja kwenye paneli ya vidhibiti, nyingine bafuni, nyingine kwenye lile sanduku la nje. Angalia fyuzi, halafu hali ya betri. Mwombe mwenzako awashe na kuzima swichi huku wewe umelaza sikio sakafuni. Wakati mwingine utasikia mlio mdogo wa "tik", na huo unaweza kukuelekeza. Kama hakuna kitu, rudi kwenye tangi na kuufuata mpira unaotoka chini yake. Kamera ya simu ikiwa na taa yake, ikipenyezwa kwenye tundu la waya, inaona pasipoingia kichwa.

Kufungua ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Kwanza zima swichi ya pampu, toa fyuzi yake, funga maji ya nje, kisha fungua bomba la jikoni hadi liache kutoa maji, ili presha iishe. Angalia kama tangi liko juu kuliko mahali unapodhani pampu ipo. Likiwa juu, ukifungua mpira wa kuvutia maji yatashuka yenyewe bila kusubiri pampu, na hayataacha hadi tangi lipungue. Mwaga maji kwanza, au funga vali ya tangi kama ipo. Taulo na sufuria pana viwe karibu.

Paneli isiyotoka ina skrubu ambayo hujaiona bado. Tazama chini ya vifuniko vidogo vya plastiki vyenye rangi ya mbao, chini ya ukingo wa zulia, na ndani ya nafasi ya droo. Plaibodi ya magari haya ni nyembamba; ukiichokonoa kwa bisibisi itapasuka ubao na skrubu itabaki imeshika. Kwenye magari ya Marekani utakutana na skrubu zenye tundu la mraba, kwa hiyo uwe na bisibisi yake, maana ya msalaba itaharibu tundu na kukuongezea kazi. Kitanda kinachoinuka kwa vyuma vya gesi kiwekee gongo la mbao kabla hujaingiza kichwa, hata kama kinaonekana kimesimama imara. Vyuma hivyo vikizeeka huishiwa nguvu bila kuaga.

Kwenye gari langu pampu iko nyuma ya droo ya chini, kwenye benchi la meza. Droo haitoki kwa kuvuta: reli zake za chuma zina vilimi viwili vyeusi vya plastiki, kimoja kila upande, na lazima cha kushoto ukikandamize chini wakati cha kulia unakiinua, vyote kwa pamoja. Ikitoka, unalala kifudifudi na tochi mdomoni. Pampu unaiona imelala, mota ya duara na kichwa cheusi, urefu kama sentimita 20, imekaa juu ya miguu minne ya mpira. Waya mwekundu na mweusi vimekunjwa na kufungwa kwa kibanio. Upande wa kuvutia kuna kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga: hilo ndilo chujio. Ndani yake kulikuwa na vinyweleo vyeupe vilivyojisokota, mabaki ya plastiki ya tangi yaliyoachwa na keekee kiwandani. Maji yalikuwa hafifu bafuni, na kwa muda mrefu lawama zote zilikuwa zimetupiwa bomba la kuogea.

Chujio hilo hufunguliwa kwa mkono. Suuza wavu wake, hakikisha ile pete ya mpira imekaa sawa, kisha rudisha kwa mkono pia. Pete ikipinda, pampu inavuta hewa: inanguruma, maji yanatoka kwa kutemea, na mtu anakimbilia kununua pampu mpya. Viunganishi vinavyozunguka vyenye wosha ndani navyo havihitaji utepe wa kuzibia uvujaji wala spana; ukivikaza kwa nguvu plastiki inapasuka, wakati mwingine kwa ufa usioonekana hadi presha ijae.

Ukiwa umeshafika huko ndani, sikiliza pia tabia yake. Pampu inayowaka yenyewe kwa sekunde moja usiku, na hakuna aliyefungua bomba, inakuambia kuna uvujaji mahali fulani, au vali yake ya kuzuia maji kurudi imechoka. Ukiunganisha maji ya nje na tangi likajaa lenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni vali hiyohiyo. Kama kinachokusumbua ni kelele tu, angalia miguu ya mpira. Mtu akizikaza skrubu hadi mpira ukabanwa kabisa, mtetemo wote huingia kwenye sakafu, na sakafu ya plaibodi hugeuka ngoma. Zilegeze kidogo mpira upate kupumua, kisha weka kipande cha mpira laini wa maji kati ya pampu na bomba gumu, na ufunge lile bomba linalogongagonga.

Jambo ambalo ningelipa uzito kuliko mengine yote ni njia ya kudumu. Ikiwa kuifikia pampu kunahitaji kuvua nusu ya samani, kata mlango mdogo. Vifuniko vya plastiki vyenye fremu, vile vinavyotumika kwenye mashua, vinafaa sana. Kipimo chake kisitokane na mkono wako peke yake: lazima pampu nzima ipite ikiwa na mkono wako umeishika, na bisibisi ipate nafasi ya kusimama wima juu ya zile skrubu nne. Kabla ya msumeno, toboa tundu dogo katikati ya eneo litakaloondolewa, penyeza kamera, uangalie nyaya, mabomba ya maji, bomba la gesi na nguzo za fremu. Weka msumeno kina kifupi, unaozidi unene wa ubao kidogo tu. Mahali ambapo huwezi kukata, afadhali kuihamisha pampu hatua moja hadi inapofikika, mradi ibaki karibu na tangi na mpira wa kuvutia usipande juu bila sababu.

Kwenye upande wa ndani wa mlango huo andika kwa kalamu ya wino usiofutika: ukubwa wa fyuzi, aina ya bisibisi, na mshale wa vali unavyotakiwa kuelekea. Ukimaliza kazi usiharakishe kufunga. Rudisha presha, zungushia karatasi ya shashi kila kiungo ulichokigusa, na uache wazi usiku kucha. Tone dogo ambalo jicho halilioni litaacha doa kwenye karatasi, na asubuhi utajua ni kiungo kipi cha kukaza robo mzunguko kabla droo haijarudi mahali pake.