Picha zikipauka, angalia setingi kabla ya kulaumu kamera

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako zinang'aa kwenye kompyuta lakini mteja akizipokea zimepauka, na kama ununue kamera nyingine. Kamera iache. Mimi yalinifika hayo hayo hapa Tanga, kwenye harusi moja ya Ngamiani, na yaliniuma.

Upande wa bi harusi walishona sare ya damu ya mzee. Nilikaa siku tatu nahariri mpaka rangi ikakaa vile nilivyoiona kwa macho. Nikapeleka picha 120 kusafishwa. Kufungua bahasha, damu ya mzee imekuwa udongo mkavu, na bi harusi, aliyesingwa mpaka ngozi ikateleza, anaonekana kama katoka wodini. Mama yake aliishika ile picha ya kwanza kitambo, akasema, "Mwanangu, huyu siye." Nilirudia zote kwa pesa yangu.

Programu ilikuwa imejisasisha, setingi zangu zote zikarudi za kiwandani. Nafasi ya rangi, yaani kanuni inayosema kila namba ndani ya faili ni rangi gani, badala ya sRGB ya kawaida, ikawa ProPhoto RGB. Hiyo ni pana mno, nzuri ukiwa bado unahariri. Shida ni kwamba mashine nyingi za kusafishia picha, na baadhi ya programu za simu, zinasoma kila faili kama sRGB. Faili ni namba tu. Namba ambayo kwenye ProPhoto ni wekundu uliokolea, ikisomwa kama sRGB inatoka wekundu uliofifia. Kompyuta yako inaisoma profaili, ile lebo ndani ya faili inayotaja nafasi yake ya rangi, ndiyo maana wewe huoni kasoro.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu zaidi. Utakuta amri mbili zinazofanana: moja inabandika profaili, nyingine inageuza. Kubandika ni kubadilisha lebo ya chupa, mafuta ndani ni yale yale. Ukibandika sRGB juu ya faili la ProPhoto, kupauka kunahamia hata kwenye kioo chako. Kugeuza ndiko kunakokokotoa namba upya ili rangi ibaki. Wewe geuza kwenda sRGB, sevu JPEG, na weka tiki ya kuambatanisha profaili.

Vile viboksi vyeusi ulivyosema vinatokea ukikuza picha, kwangu viliisha nilipozima matumizi ya kadi ya michoro kwenye setingi.

Halafu kagua ile setingi ya kupunguza chengachenga, zile nukta nukta za picha iliyopigwa penye mwanga hafifu. Kwenye programu yangu inakuja imewashwa, na inalainisha bila kuuliza. Ilinifutia mistari myembamba ya piko kwenye vidole vya bi harusi, kazi ya mtu aliyekesha akiichora. Naipunguza mpaka sifuri, kisha napandisha kidogo kidogo nikiwa nimekuza asilimia 100.

Fungua moja ya zile zilizopauka, tazama profaili yake, uandike hapa imesema nini.