Kabla Hujanunua Farasi, Uliza Mtulinga Wangu

Juma lililopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amejifunza kupanda farasi miezi minne, mwalimu wake anamsifu, akiba yake ya SACCO imeiva, na sasa kuna mtu anataka kumuuzia farasi dume mweusi aliyestaafu mbio. Akatuma na picha. "Kaka, nilipomwona tu nilimpenda. Wasemaje?"

Niliitazama ile picha kwa muda. Nilipokuja kugundua, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika bega la kushoto, pale penye mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua.

Dada, keti kitako. Jibu langu ni refu na sehemu kubwa ni habari zangu mwenyewe, lakini ndizo nilizo nazo.

Mimi ni mwana wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kwetu magari unayahesabu kwa vidole, punda huwahesabu ukamaliza. Wanabeba mawe, mchanga, mitungi ya gesi, na hospitali yao wanayo tangu 1987. Nilipanda punda kabla sijajua kusoma. Wakati wa Maulidi huwa kuna mashindano ya punda, na nilipokuwa na miaka 15 nilishika nafasi ya pili. Aliyenishinda aliondoka kabla ya ishara, na mashahidi wangali hai, lakini hayo tuyaache.

Punda wa kwetu hapandwi kwa tandiko. Unakaa nyuma kabisa, juu ya matako yake, magoti umeyabana, fimbo mkononi. Ukitaka aende kushoto unamgusa shingo upande wa kulia. Hatamu hakuna, vikuku vya kutilia miguu hakuna. Nikaja Nairobi kwa kazi ya ukadiriaji majengo, na siku moja nikiwa kwenye matatu ya 111 tukapita pale uwanja wa mbio wa Ngong Road. Nikawaona farasi wakipelekwa mazoezini. Nikasema moyoni: kwani huyu si punda mrefu tu?

Nilikuwa na miaka 36 na nilipaswa kujua zaidi.

Tofauti yao ni hii, na laiti mtu angeniambia mapema. Punda akishtuka hukita miguu chini akafikiri. Sisi tunamwita mkaidi, tunamchapa, kumbe maskini anapiga hesabu. Farasi hana hesabu. Miguu inatangulia, sababu itafuata baadaye. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote ila mbele tu ya pua yake na nyuma ya mkia. Anaona mengi kuliko wewe uliye juu yake, na mengi katika hayo yanamtisha.

Miezi sita ya mafunzo nairuka. Ni kuzunguka uwanja, visigino chini, kuzunguka tena, mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za kurukaruka, mpaka mapaja yawake moto. Mwalimu alinikemea kila siku kwamba nakaa nyuma mno. Nilimwona msumbufu. Mwezi wa saba nikaanza kutafuta farasi wangu.

Farasi wa mbio wengi huanza kazi wakiwa na miaka miwili. Wanapochoka au wasiposhinda, huuzwa, na mara nyingi kwa bei inayomfanya mtu kama mimi ajione tajiri. Kumnunua ni nauli tu. Safari yenyewe ni kumlisha, kumchanja, kumlipa saisi wa kumtunza, na fundi wa kwato kila wiki sita hadi nane. Hayo niliyajua. Nilikuwa na jedwali la gharama hadi senti ya mwisho, si ndiyo kazi yangu? Lakini farasi mwenyewe nilimkadiria kwa macho.

Alikuwa mwekundu, na baka jeupe kutoka kwenye paji hadi puani, kifua kama mlango wa Kilamu. Nilimpa jina la Sultani kabla hata sijamgusa. Na hapa ndipo nataka usome polepole. Nilimkuta ameshatandikwa. Shingo yake ilikuwa imelowa. Nikauliza, na muuzaji akacheka: "Tumemwogesha kwa heshima ya mgeni." Nikampanda, akatembea kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Kila nilichomwomba alifanya, ila kwa uvivu kidogo, na mimi ule uvivu nikauita upole. Nikalipa siku ileile.

Wiki mbili baadaye saisi mmoja mzee pale tulipomweka alinieleza lile josho lilikuwa nini. Mnyama alikuwa amekimbizwa tangu alfajiri ili mnunuzi amkute hana nguvu ya kuwa yeye mwenyewe. Ni ujanja wa zamani, akaniambia, kila saisi anaujua. Nilipompigia muuzaji aliniambia, "Ndugu, wewe umezoea punda, huyu ni farasi." Akakata. Miaka imepita na bado nalijibu neno hilo nikiwa naoga.

Mara ya kwanza nilianguka uwanjani, mchangani, na kilichoumia ni jina langu peke yake. Mara ya pili ilikuwa katika msitu wa Ngong Road. Mfuko wa plastiki, ambao kisheria haukupaswa kuwepo kwa sababu nchi hii iliipiga marufuku mifuko hiyo 2017, ulikuwa umenasa kwenye mwiba ukipepea. Sultani aliruka kando kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Yeye akaenda kushoto, mimi nikabaki hewani pale alipokuwa. Nilitua kwa makalio. Nilicheka, nikapanda tena, na jioni nikawasimulia jamaa kwa mbwembwe.

Mara ya tatu sikucheka. Tulikuwa kwenye njia pana ya udongo mwekundu, asubuhi baada ya mvua, mwendo wa matiti. Boda boda ikalia nyuma yetu. Sultani akainua kichwa, nami nikafanya alichonifundisha utoto wangu: nikarudi nyuma, nikabana magoti. Akaongeza mwendo. Nikavuta hatamu. Akaingia shoti. Nikavuta kwa nguvu zote. Akazidi. Nakumbuka shungi lake likinipiga usoni, nakumbuka kikuku cha kushoto kikiponyoka mguuni, na nakumbuka nikijiambia kwa utulivu wa ajabu kwamba ile kona mbele hatutaikata sote wawili.

Nilinyoosha mkono kujikinga. Usifanye hivyo kamwe. Uzito wote wa mwili hupanda kupitia mkono hadi begani, na mfupa ulio tayari kuvunjika ni mtulinga. Niliusikia kabla sijauhisi. Ulilia kama kijiti kikavu cha kuwashia moto. Kisha nikawa nimelala, mdomo umejaa udongo wenye ladha ya chuma, nikiutazama mstari wa siafu wakivuka sentimita chache mbele ya jicho langu, na kila mmoja ana shughuli zake. Sultani alikuwa kama hatua 30 mbele, hatamu zinaburuta, anakula majani.

Yule saisi mzee alifika mbio, akachuchumaa. "Usiinuke. Taja jina lako. Leo ni siku gani?" Nikamjibu. Akaivua kofia yangu ngumu taratibu, akanionyesha ufa uliopita juu ya sikio. Ile kofia nilikuwa karibu kutoivaa siku hiyo kwa ajili ya joto. Na kofia ikishapigwa hivyo haivaliwi tena, hata kama ufa hauonekani, nunua nyingine.

"Mzee, huyu farasi ni mwendawazimu," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu, huyu farasi ni mtiifu sana. Amefundishwa kwamba mtu akivuta hatamu ni ishara ya kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kukimbia. Wewe umemvuta, amekimbia. Tena unamkalia kiunoni kama punda, unamuumiza, anazidi kukimbia. Umemwambia mambo mawili na yote ameyafanya."

Nilikaa nyumbani wiki saba, mkono shingoni kwenye kitambaa. Mtu akikaa wiki saba hawezi hata kujifunga kikoi bila msaada wa mkewe, hupata muda wa kufikiri. Nilifikiri juu ya muuzaji. Nilifikiri sana juu ya muuzaji. Lakini polepole nikaanza kufikiri pia juu ya nani hasa alichagua rangi, baka, na kifua kama mlango.

Sultani nilimpa binti mmoja anayeruka viunzi kwa farasi, mwenye mikono myepesi na anayekaa pale panapokaliwa. Wanaelewana kama pete na kidole. Naona wivu, nakiri.

Sasa, dada, kuhusu farasi wa kwangu. Sikumtafuta mimi, alitafutwa na yule mzee. Alinipeleka kumwona farasi jike wa miaka 14, chotara wa farasi wa Kisomali, mfupi, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ya kupimia, sikio moja limechanika nchani. Nilipomwona nilitaka kugeuza gari. Mzee akasema, "Hatujaja kumtazama."

Tulikuwa tumefika saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Alikuwa bado malishoni. Nilitakiwa nimfuate mwenyewe na kamba, nimlete, nimpige brashi, niinue kwato zote nne nizisafishe, nimtandike. Ukitaka kumjua farasi, dakika hizo 40 zinatosha kuliko saa nzima ya kumpanda. Je, anakukimbia? Anabana masikio nyuma ukikaza mkanda wa tumbo? Anakupa mguu au unapigana naye? Kisha nikamwomba mwenyewe ampande kwanza. Mwenye farasi akikataa kumpanda farasi wake, funga mkoba uondoke. Ndipo nikapanda mimi, na mzee, bila kuniambia, alikuwa amempa kijana wa boda boda shilingi mia moja atupite kwa kelele.

Jike lile lilisimama. Likageuza lile sikio bovu kuisikiliza pikipiki mpaka ikapotea. Kisha likaendelea na safari. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimempata farasi anayefikiri kama punda.

Hata hivyo sikulipa. Nilirudi mara tatu nyingine, mara moja mvua ikinyesha. Nikamleta daktari wa mifugo niliyemchagua na kumlipa mimi, si yule wa muuzaji. Akamwangalia meno kukadiria umri, akamkimbiza kwenye sakafu ngumu kusikiliza kama hatua zinalingana, akaomba kadi ya chanjo. Hiyo kadi usiidharau. Kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, hasa nyakati za mvua, na farasi asiyechanjwa anaweza kuwa mzima Ijumaa na kuwa mzoga Jumatatu. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua, nasi Nairobi tuna pundamilia getini. Chanjo ni kila mwaka. Sultani, nilipomnunua, hakuwa na kadi, na mimi, mtu wa mahesabu, sikuiulizia. Kisha nikamkodi yule jike miezi mitatu kabla ya kumnunua. Wauzaji wengine hawapendi kukodisha. Basi na wasipende.

Na tuambiane ukweli, vijana wetu wanaoingia kwenye mchezo huu siku hizi wanataka picha. Farasi mweusi, jua linazama, kofia ngumu imewekwa kando ili nywele zionekane. Kofia iwe kichwani! Lipeni saisi vizuri, na kwa wakati, kwa sababu yeye ndiye anayejua kilichofanyika alfajiri. Msinunue farasi siku ya kwanza. Fikeni mapema. Nimeshasema? Narudia: fikeni mapema, bila kupiga simu, na mkimkuta ametandikwa, msipande. Na kama mwalimu anakwambia unakaa nyuma mno, kaa mbele. Mimi ilinichukua mfupa mzima kusikia sentensi hiyo, na mtu akinisimulia eti "nimempenda nilipomwona" damu inanichemka, samahani dada, si wewe peke yako.

Huyo dume wako mweusi huenda ni farasi mwema. Muulize tu anayekuuzia kama unaweza kuja Jumanne saa kumi na mbili, kisha uende Jumatatu.

Usidhani kwamba siku hizi sianguki. Mwezi uliopita nilikuwa na haraka, nikakaza mkanda wa tumbo mara moja tu nikapanda. Farasi wengi hujikaza unapowafunga, wakishatulia mkanda unalegea, kwa hiyo unakaza, unamtembeza kidogo, unakaza tena. Nayajua haya na ninawafundisha wengine. Tukiwa hatujafika hata getini, tandiko lote lilizunguka pole pole kama mshale wa saa, nami nikiwa juu yake, mpaka nikatua chali chini ya tumbo lake. Jike halikunyanyua hata kwato moja. Liliinamisha shingo likaninusa kofia, na yule mzee, aliyekuwa ameegemea ukuta na kikombe cha chai, akaniuliza kama leo ni siku gani.