Mshahara wa dereva wa treni: angalia msingi kwanza

Kaka, umeuliza kama mshahara wa dereva wa treni unalingana na ujuzi wake, maana unataka kuacha fuso hapo Moshi. Kwa maoni yangu, mara nyingi haulingani. Usukani hakuna, kazi kubwa ipo kwenye breki. Treni ikishuka kutoka Arusha kuja Moshi, ukifunga na kuachia breki za upepo harakaharaka, matangi ya upepo ya mabehewa hayawahi kujaa tena, na ukizihitaji kweli hazishiki. Mwendo unapunguzwa kabla ya mteremko, si katikati yake. Ndiyo maana njia hukaririwa: kona, madaraja, sehemu reli inapokatana na barabara.

Usidanganyike na jumla ya mwezi, yenye posho ndani. Ulizia mshahara wa msingi peke yake. Ukiugua, posho za safari hukatika.